Miss Dulcie wa Bougainville

Mwaka umetimia, Babu Merv, tangu ulipotutoka, wiki ileile kiwanda kilipoanza kusaga miwa. Treni yako ilipita nyuma ya nyumba na dereva mwingine, na Bibi Thelma akazima redio ili aisikie vizuri.

Tunakumbuka mikono yako myepesi. Ulishona suruali za mtaa mzima, na hukumruhusu mtu akushukuru mara mbili. Ulikunywa chai nyeusi kama lami. Kwa miaka thelathini na mmoja uliendesha treni ya miwa ukiimba kwa sauti ambayo mbwa wa mashambani waliisikia kabla ya honi.

Tunakumbuka pia ulilokuwa hupendi kulisema. Vitani, kisiwani Bougainville, ulikuwa askari wa kikundi cha burudani, na kwa kuwa kikundi hakikuwa na mwanamke hata mmoja, wewe ndiye uliyevaa gauni. Ukaitwa Miss Dulcie. Uliporudi, Vern Stallard alikucheka mbele ya wote katika klabu ya wapiganaji: “Sisi tulibeba bunduki, Merv alibeba mkoba!” Tangu hapo hukuandamana tena Siku ya Anzac, siku ya kuwakumbuka wapiganaji wetu. Karibu miaka hamsini ulisimama kando ya barabara, kofia mkononi, ukiwapigia makofi wenzako.

Baada ya mazishi tuliikuta shajara yako chini ya kodiani, ndani ya kasha lake. Askari walikatazwa kuandika shajara karibu na mapigano, nawe ukaificha ndani ya kasha hilo.

“Bougainville. Mvua siku ya nne,” uliandika. “Gauni la chandarua na hariri ya parachuti linanuka kama mbuzi. Vidonge vya malaria vimenifanya wa njano, poda haisaidii. Askari mmoja kapiga kelele: ‘Dulcie, mpenzi, njoo unifulie soksi!’ Nikamjibu: ‘Zilete, mpenzi, lakini zifunge kamba kwanza, zisikimbie!’ Wamecheka watu elfu moja. Kesho wanapanda mlimani kupigana.”

Ukurasa uliofuata ulikuwa na habari nyingine. Baada ya onyesho hilo askari kijana alikuja nyuma ya turubai la jukwaa akitetemeka, hawezi hata kufunga kamba za buti. Alilaza kichwa kwenye mapaja yako, juu ya gauni lililoloa, akaomba wimbo aliokuwa akiuimba mama yake jikoni. Ulimwimbia mara sita. Ukamfungia kamba za buti, akapanda na wenzake. Jina lake uliliandika: Vern Stallard. Na chini yake: “Sheria yetu wasanii: ya nyuma ya turubai hatuyatoi nje.”

Hukuyatoa. Hata alipokucheka. Hata kwa Bibi.

Mjukuu wako Darcy, mwenye damu inayochemka na beti zake za mashairi mfukoni, aliapa kuusoma ukurasa huo klabuni kwa sauti. Mwezi Machi alikwenda huko kuomba jina lako lisomwe alfajiri ya Anzac, pamoja na wapiganaji waliofariki mwaka huo. Aliyeshika orodha alikuwa Mzee Vern.

“Kijana, hii ni orodha ya wanaume waliopigana.”

“Na babu yangu?”

“Babu yako alikuwa na miguu mizuri.”

Wazee wakaangua kicheko. Darcy alikuwa ameshafungua shajara, na pumzi ameshaivuta. Halafu akauona mwandiko wako, ile sheria. Akaisukuma shajara mezani.

“Soma mwenyewe, mzee. Kimyakimya.”

Mzee Vern akasoma. Akavua miwani.

“Nani mwingine kaiona?”

“Nyumbani tu. Baada ya kumzika.”

“Hakumwambia mtu? Miaka yote hii?”

“Hata mkewe.”

Mzee akaifunga shajara, akamrudishia, na Darcy akarudi nyumbani.

Alfajiri ya Anzac tulisimama penye mnara wa kumbukumbu ya vita bila kujua kama utatajwa. Majina yakapita, lako halimo. Mzee Vern akafika mwisho wa karatasi, akaikunja.

“Askari Mervyn Tuckett,” akasema, “kikundi cha burudani. Niliogopa, akaniimbia. Nami nikamcheka miaka hamsini.”

Alilisema mwenyewe mbele ya mji mzima, ndiyo maana nasi tumethubutu kuliandika.

Maandamano yalipoanza, Darcy alivaa medali zako upande wa kulia wa kifua, kama wavaavyo wajukuu. Mzee Vern alimvuta mstari wa mbele, akatembea kando yake akinung’unika njia nzima: “Kushoto, kijana, kushoto! Babu yako angalau alijua kucheza!”

Unakumbukwa na mkeo Thelma, wanao Noeline na Keith, mjukuu wako Darcy, na wenzako wote wa treni ya miwa.

Hututoki moyoni, Babu, leo na siku zote.