Sufuria Iliyokwenda Mazikoni

Kakamega,
Juni 14

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Muheza, na mguu umepoa. Baba naye anaendeleaje na kikohozi? Mimi mwili hauna neno, moyo ndio unaouma, na kwenye simu ningelia tu.

Unajua kazi hii ya hoteli nilijitafutia mwenyewe, bila wakala wala ndugu. Mpishi mwenzangu Ayuma ndiye aliyenipokea, akanifundisha kusonga ugali mgumu wanaoupenda watu wa huku, nami nikamwita dada. Mwenye hoteli aliahidi kwamba majaribio yakiisha nitakuwa mkuu wa jiko.

Mwezi uliopita mpishi wetu mkongwe, Mzee Hezekiah, alifiwa na mkewe. Nikatoa kanga niende mazikoni Navakholo. Ayuma akanizuia. Akasema huku mgeni asiyemaliza mwaka hakanyagi matangani, wafiwa wataona anawaletea mkosi. Nilimwamini, kwani mila ni zao. Nikapika pilau kwenye sufuria yako uliyonipa nije nayo, nikamkabidhi ampelekee mzee pamoja na pole zangu.

Tangu hapo jikoni nikawa naitikiwa salamu shingo upande. Majaribio yalipoisha, wenzangu walimwambia mwenye hoteli hawataki kuongozwa na mtu asiyezikana na wenzake. Cheo akapewa Ayuma.

Jumapili nikapanda bodaboda peke yangu hadi kwa mzee. Hakutabasamu. Akaniambia kwao hata adui huja kuzika, na kwamba Ayuma aliwaeleza nimekataa, eti maiti wa watu nisiowajua hanihusu. Akamsifu Ayuma kwa pilau yake, kisha akaagiza sufuria iletwe nimrudishie.

Mama, nilikucheka ulipochora jina lako chini ya sufuria ile kwa msumari, kama vyombo vyako vyote vya shughuli. Mzee aliigeuza, akasoma.

"Hii jina Mwanahawa ni ya nani?"

"Ni la mama yangu," nikamjibu.

Aliiweka sufuria chini. Halafu akanishika mkono, akanipeleka kaburini kwa mkewe.

Cheo hakijarudi. Ayuma bado ananiita dada mbele ya watu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko cheo chenyewe.

Nisalimie baba, na shangazi Mwantumu umwambie bado namkumbuka. Sufuria nimemwachia mzee, maana ndiyo iliyozika kwa niaba yangu. Ukinitumia nyingine, jina lichore kubwa zaidi.

Mwanao akupendaye,
Mwajabu