Wawili Walioniita Mume Wangu

Mke wangu,

Bibi, nakuita hivyo kwa sababu ndivyo ulivyonizoesha tangu natambaa, mimi mjukuu wako na mumeo wa utani. Arobaini yako imepita. Mama ndiye anayeshuka kwenye shamba la mwani siku hizi, na kofia yako ya ukindu ipo palepale kwenye msumari. Nina habari ya aibu, na sina mwingine wa kumwandikia.

Unakumbuka nilivyokuwa nikiwadharau wenzangu wa kidato cha tatu? Bado nawadharau. Jumatatu mtu analia kwa mapenzi, Alhamisi machozi yamehamia dawati la pili. Binamu yangu Athumani amechora moyo kwenye kiatu cha shule. Kiatu, Bibi! Mimi nilikaa nyuma na kitabu changu, nikijiona nina akili kuliko wote. Kumbe mjinga wao mkuu nilikuwa mimi.

Kabula unamjua, yule binti wa Kinyamwezi aliyehamia hapa Mlingotini na wazazi wake. Sisi Wakwere ni watani wao. Siku ya msiba wako alivaa kofia yako, akaiga mwendo wako wa magoti mabovu, akazunguka uani akiuliza, "Mume wetu keshakula?" Watu walicheka huku wanalia. Kisha akakaa kando yangu. "Mume wangu, mke mwenzangu kaondoka. Umebaki na mimi."

Nikaamini. Mtu anayesoma hata karatasi za kufungia maandazi, nikaamini! Kila asubuhi akisema, "Mume wangu, lete daftari la Biolojia," naitika "Naam" kabla hajamaliza. Nikaacha kula. Nikaandika kurasa nne, nikazitia ndani ya daftari hilo. Kesho yake nilihesabu dakika hadi mapumziko, nikingoja azisome mbele ya darasa zima.

Hakuzisoma. Alinifuata nyuma ya maktaba.

"Wewe Juma! Ule si utani? Hata babu anayetupikia uji ni mume wangu, hujanisikia?"

Nilikuwa namsikia kila siku, nimesimama kwenye foleni hiyohiyo ya uji.

"Chukua kurasa zako. Sijamwonyesha mtu. Ila umeniita mwezi. Mwezi gani una chunusi?"

Nimejichunguza, Bibi, na ninachokiona kinanichefua. Mama yake simjui jina. Kama ana kaka, sijui. Akikasirika anakuwaje, sijui. Ninachokijua ni shingo yake, kwa sababu anakaa dawati la mbele yangu. Nimeiandikia shingo kurasa nne. Athumani na kiatu chake ana nafuu.

Wewe ulijua kwamba sili pweza. Ulinibandulia ukoko wa wali, ukauficha chini ya kawa Athumani asiuone. Na mimi nilikulipa nini? Nilipokuwa kidato cha kwanza ulikuja hadi getini, umelowa hadi magotini, na ile kofia kichwani, umebeba bakuli. "Mume wangu! Umesahau chakula!" Wenzangu wakaangua kicheko. Nikajifanya sisikii. Ukaita tena. Ukaita mara ya tatu. Mwisho ukamwachia mlinzi bakuli, ukaondoka. Jioni uliniuliza tu, "Ulishiba, mume wangu?"

Nikasema nilishiba. Sikuligusa, Bibi. Niliona haya hata kwenda kulichukua.

Na Kabula nilimwitikia kabla hajamaliza.

Basi nakuahidi. Kesho akiniita nitaitika kwa utani, kwa sauti, kama babu wa uji. Sitamwandikia msichana yeyote neno la mapenzi kabla sijajua hata anakula nini. Na Jumamosi nitashuka na Mama kwenye mwani, nimevaa kofia yako. Njia ya wenzangu inapita palepale. Wacheke.

Pumzika, Bibi. Siku ile getini nilikusikia, mara zote tatu.

Naam, mke wangu.

Juma