Seva Mbili Zinatosha

Kaka yangu mpendwa,

Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Anakusalimu sana.

Unakikumbuka chumba cha seva ulimonifundishia kazi? Baridi ile, mimi nimejitumbukiza kwenye sweta lako, na seva kumi na moja zikivuma mpaka tunazungumza kwa kupayuka. Mwezi huu nimejaribu programu tatu zinazoiwezesha seva moja kufanya kazi za nyingi. Mbili zilinitoa jasho. Kwa ya tatu, nilizima seva moja makusudi, nyingine ikazidaka kazi zake, wahasibu wala hawakugundua. Nilicheka peke yangu, nikatamani ungekuwepo.

Nikaandika kwenye ripoti kwamba seva mbili zinatosha. Meneja akaniuliza, "Na mafundi, bado wawili?"

Ningedanganyaje? "Mmoja anatosha."

"Abaki nani?"

Fundi mwenzangu ana mapacha wachanga. Nikamtaja yeye.

Sijuti, Kaka. Ila jana, nilipozima ile seva tuliyoifunga mimi na wewe, nililia kama mtoto. Mama bado hajui. Nipigie Jumapili, tumwambie pamoja.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere