Kikwembe Ulichokifunga Mara Tatu

Maman yangu mpendwa,

Umeamkaje huko nyumbani? Na kile kifua? Usinijibu "iko bien" kama kawaida yako, safari hii nataka ukweli. Mimi ni mzima hapa Bruseli, ila baridi inaniingia mpaka kwenye meno.

Maman, leo unisamehe majivuno. Unajua nauguza kwenye chumba cha kupimia moyo. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja anayefagia maofisi, analalamika kifua. Daktari alipiga picha mishipa mikubwa ya moyo, akaikuta safi. Akamwambia aende nyumbani, labda ni mawazo tu. Nilimsindikiza. Kwenye ngazi mama yule alisimama, akafungua vifungo vya koti, akavifunga, akavifungua tena.

Nilishtuka, kwa sababu nilikuona wewe. Wewe na gunia lako la unga mgongoni, tukipanda kutoka sokoni Kadutu. Unasimama, unafunga kikwembe upya. Mara tatu kabla hatujafika! Na mimi, binti mkubwa mwenye kiburi, nikakuambia, "Maman, unajifanya tu! Kile kipimo cha moyo, électro, kilionyesha hauna kitu." Ukajibu polepole, "Nabintu, moyo iko inanikaza. Basi, tuende." Ukaendelea kupanda.

Nikarudi mbio kwa daktari. "Docteur, huyu mama haigizi, anaficha maumivu; vile vifungo ni kisingizio cha kupumzika. Mishipa midogo tumeipima?" Alinikunjia uso, lakini wiki iliyofuata alimwita. Aliingiza waya mwembamba kama uzi wa kushonea mpaka ndani ya mshipa wa moyo. Akampa dawa ya kufungua ile mishipa midogo kabisa ambayo picha haiioneshi, kisha akapima damu inavyopita. Mishipa ilikataa kufunguka vizuri. Ndiyo maana akipanda ngazi moyo wake unaomba damu na haupati ya kutosha. Mama yule alilia kwa furaha, maana miaka yote watu walimwambia ana wasiwasi. Sasa anameza dawa zake.

Daktari aliniuliza mbele ya wote nilijuaje. Nikajibu kwa sauti, bila haya: "Nilijifunza kwa maman yangu, anauza unga Kadutu." Kifua changu kilijaa, Maman!

Siwezi kusema na wewe una ugonjwa huo, wala sijui kama kipimo hicho kipo huko. Lakini daktari amemwandikia mwenzake, mganga wa moyo wa huko, na barua yake iko ndani ya bahasha hii. Ipeleke. Usiniambie soko linakungoja.

Nisalimie Tonton Bahati, mdogo wako, akupeleke na pikipiki yake taratibu. Nisalimie na Neema, mdogo wangu, na watoto wake wenye makelele.

Neno lile la siku ile halijanitoka rohoni, Maman. Nilikosa. Ukipanda tena, kikwembe ukiache. Kaa chini katikati ya njia, watu wapite pembeni, na mtu akiuliza, sema unaumwa. Mimi nakuamini.

Binti yako,
Nabintu