Mtani Mwenye Nyumba

Soga, 14 Februari 1954

Athanas mjukuu wangu,

Huna haya. Mahindi ya vuli uliyoyaacha yanachipua tumekwisha kuyavunja, na uso wako Soga haujaonekana. Gari la moshi linapita hapa, linapiga honi, linashusha watoto wa wenzangu, wewe humo. Na kazi yako nasikia ni kupanga barua pale posta. Mikono yako mchana kutwa imo katika barua za watu, ya bibi yako ndiyo inakushinda?

Haya, nimekwisha kukugombeza. U hali gani? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila goti la kushoto linajua habari za mvua kabla ya watu. Anayeniandikia ni Mwalimu Lucian wa kigango. Ananiomba nipunguze ukali. Nimemwambia kazi yake ni mkono, mdomo ni wangu.

Mkeo Benedikta yuko hapa nami, tumbo limekuwa kubwa. Anaficha udongo wa kichuguu kwenye pindo la kanga akidhani sioni. Sisemi kitu, nami niliula. Usiku ananiuliza, bibi, Athanas atanichukua lini? Namwambia lala.

Sasa nijibu. Unalala wapi? Nani anakupikia? Tatu wa jirani, aliyekwenda mjini kuuza nazi, amesema umepanga chumba cha kulipia mwezi kwa mwezi na unatandikiwa kitanda kama mgonjwa. Nataka kusikia kwako.

Ni mimi bibi yako,
Mwanamvua


Ilala, Dar es Salaam, 28 Februari 1954

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi sijambo, kifua kimepona. Naomba radhi kwa ukimya, kazi ni mpya na bwana mkubwa wetu hapendi ruhusa za mara kwa mara.

Tatu hakukudanganya. Nilipofika mjini sikuwa na hata sufuria, na anayetaka kupanga nyumba nzima anaombwa kilemba, fedha za kumlainisha mwenye nyumba, kabla hajaonyeshwa ufunguo. Nikapata chumba kwa Mzee Isihaka hapa Ilala. Bibi, kina kila kitu. Kuna kitanda na chandarua, meza, kiti, taa ya chemli. Maji ya kuoga nayakuta mlangoni. Mkewe, Bi Biubwa, anatupikia wapangaji wote, na nguo zinafuliwa na kupigwa pasi. Vyote hivyo vimo ndani ya kodi ya mwezi. Mwezi ukiisha, ukitaka unaondoka, ukitaka unakaa.

Masharti ni kwamba anakaa mtu mmoja, mwanamume wa kazi. Hakuna kuleta mke, hakuna kuwasha moto. Mzee ni mkali. Ni mtu wa Tabora, alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu. Anasema zamani aliwaruhusu wake za wapangaji, wakagombana kwa sababu ya jiko hadi sufuria zikaruka.

Mwambie Benedikta avumilie. Mwezi ujao nitatafuta nyumba yetu.

Mjukuu wako,
Athanas


Soga, 12 Machi 1954

Athanas,

Marahaba. Goti halijatulia, na nitakayokuambia hayatalituliza.

Baba mkwe wako, Mzee Bartolomeo, alitoka Kisarawe akafika hapa Jumamosi. Hakutaka hata maji. Akauliza mume wa mwanawe ana nyumba wapi. Nikasema anatafuta. Akauliza analala wapi sasa. Sikuweza kusema uongo mbele ya mkeo, nikamweleza kama ulivyoniandikia, chandarua, pasi na maji mlangoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno haya, nami namwambia Mwalimu ayaandike kama yalivyotoka:

"Huyo hajaoa. Huyo ni mgeni wa watu. Binti yangu atakwenda kuzaa kwetu, na atakaa kwetu mpaka nione figa lake."

Nikamjibu kwamba kwenda kuzaa kwa mama si jambo baya, mimba ya kwanza ndiyo desturi. Akasema anajua desturi. Yeye hazungumzii kuzaa, anazungumzia kurudi. Wakaondoka siku ileile. Benedikta alikuwa anageuka nyuma mpaka walipofika kwenye mwembe wa Hemedi, kisha sikumwona.

Mume wangu mdogo, nisikilize. Dada yangu mkubwa alikwenda kuzaa kwetu, na mumewe kila akitumiwa salamu anajibu, mwezi ujao. Mtoto akaota meno. Akatembea. Akamwita babu yake baba. Siku mwenyewe alipokuja na mbuzi wake na kanzu nyeupe, mtoto alimwona akakimbilia nyuma ya nyumba. Wale hawakuishi pamoja tena. Hapakuwa na ugomvi wowote, mwezi ujao tu.

Sitaki hayo kwako.

Halafu kuna kitu sikukielewa. Umesema mwenye nyumba ni mtu wa Tabora. Mnyamwezi? Na umekwisha kumwambia wewe ni mtoto wa nani?

Bibi yako,
Mwanamvua


Ilala, 25 Machi 1954

Bibi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nilikwenda Kisarawe Jumapili, mkwe hakuniruhusu kuvuka baraza. Benedikta nilimwona dirishani tu, akaninyooshea mkono.

Nimemwomba Mzee Isihaka anipe ruhusa ya kumleta mke wangu. Akasema, "Nyumba hii ina sheria moja, na wewe ndiye unayetaka ya pili." Akaendelea kula.

Ndiyo, ni Mnyamwezi. Siku ya kwanza aliniuliza kabila langu. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa misheni. Bibi, usikasirike. Niliona ni jibu la heshima. Hapa mjini mtu akisema Mzaramo, watu huanza kucheka na kuuliza habari za ngoma, nami nilitaka kuonekana mtu wa kazi. Na hayo mambo ya utani wa Wazaramo na Wanyamwezi unayoyafikiria ni ya zamani, Mzee yule hacheki na mtu. Tafadhali usijisumbue. Nitapata njia.

Mjukuu wako,
Athanas


Ilala, 10 Aprili 1954

Bibi, bibi, bibi,

Shikamoo. Umefanya nini?

Jana nimerudi kutoka kazini nikakuta mawe matatu katikati ya uwanja wa nyuma, na moto unawaka kati yake, na sufuria ya Bi Biubwa inatoa harufu ya kisamvu. Bi Biubwa alipojaribu kunieleza alishikwa na kicheko mpaka akaketi chini. Wapangaji wenzangu wamesimama milangoni. Mzee Isihaka yuko kwenye kiti chake, ananitazama tangu kichwani mpaka viatuni, kisha akaniuliza jogoo wake yuko wapi.

Nikasema sijui. Akasema, "Muulize bibi yako, mjukuu wa mwizi."

Bibi, sijawahi kumsikia akizungumza hivyo na mtu. Sikujua kama amekasirika au vipi. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza, akasema nikimwomba radhi tena atanifukuza kweli. Sikulala. Niandikie upesi kilichotokea, na kama jogoo unaye, nitamlipa.

Mjukuu wako,
Athanas


Soga, 19 Aprili 1954

Athanas mume wangu,

Marahaba. Jogoo ninaye. Ninaye tumboni. Na ukimlipa nitakuja tena huko nikuaibishe mbele ya bwana wako mkubwa.

Nilipopata barua yako ile ya mtu wa misheni, sikulia wala sikucheka. Umeuficha ukoo wako kama mtu aliyeiba, halafu unalipa kodi kwa mtani wako na kumnyenyekea kama liwali. Nikang'oa mafiga yangu jikoni, yaleyale aliyonipa bibi wa babu yako nilipoolewa. Moja nikalibeba mimi, mawili akayabeba Tatu, tukapanda gari la asubuhi. Karani wa tiketi akauliza mawe ya nini. Nikamwambia ni mahari.

Ilala tukaelekezwa. Sikubisha hodi. Nikapita ukumbini mpaka uani, nikaona pahali pazuri karibu na ukuta ila pana kivuli sana, nikayapanga katikati. Nikamwambia Tatu alete kuni. Yule mama, Biubwa, akatoka na mwiko mkononi, akanitazama, akaenda kumwita mumewe. Lakini niliona amejifunika mdomo kwa kanga.

Mzee akaja. Mrefu, ana mvi za heshima. Akauliza, "Mama, unafanya nini uani kwangu?"

Nikamwambia nakaa. Babu zake walipita kwetu na pembe za ndovu mabegani, wamechubuka, wana njaa, wakala mihogo yetu na kulala kwenye baraza zetu, na hakuna aliyewatajia kodi ya mwezi. Leo nimekuja kulala mimi.

Aliyatazama mawe, akanitazama mimi. Niliogopa, Athanas, sitaki kukuficha. Kama angeita askari, ningeondoka na mawe yangu na aibu yangu, na wewe ungefukuzwa.

Kisha akasema, "Mzaramo."

Nikasema, "Mchukuzi."

Akasema, "Siku zote nilijua mtakuja kuniibia. Sikujua mtakuja na mafiga."

Hapo ndipo Biubwa alipoacha kujizuia. Tulicheka wote. Alinitukana yule mzee, matusi mazuri, sijatukanwa hivyo tangu mazishi ya babu yako. Akauliza mtu wangu humu ndani ni nani. Nilipomtajia wewe alishangaa. Akasema, yule? Alisema kwao ni misheni, nikadhani amezaliwa na kengele.

Ndipo nikamweleza habari za mkeo. Huko hatukutania. Alisikiliza akitazama chini. Akasema mtani amemweka pabaya, maana jiko limekwisha kuwaka na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Biubwa naye akasema amechoka kupikia wanaume wasioweza kumwambia hata kama chumvi imezidi, anataka mwanamke wa kuzungumza naye. Tukapika. Nilipoondoka nikamchukua jogoo, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Ningeondoka mikono mitupu angeona nimemdharau.

Sikukungoja. Ungenikuta pale ungeanza kuniombea radhi na kuharibu kila kitu.

Sasa kazi yako ni moja. Nenda kamwambie, mimi ni Mzaramo wa Soga. Mwambie kwa mdomo wako. Ukisha, mwibie kitu.

Bibi yako,
Mwanamvua


Ilala, 4 Julai 1954

Bibi yangu,

Shikamoo. Habari ya mtoto uliipata kwa simu ya maandishi niliyoipeleka stesheni, kwamba ni msichana na mama yake mzima. Sasa nikupe yaliyofuata.

Nilimwambia Mzee kwa mdomo wangu kwamba mimi ni Mzaramo wa Soga, kisha nikamwibia kofia yake. Alinikimbiza mpaka barabarani. Tangu siku ile sina amani katika nyumba hii, bibi, kila asubuhi ananitangazia watu kuwa ameibiwa na karani. Lakini alitoa mkaa katika chumba cha uani akapaka chokaa, akasema nihamie humo. Bado ninalipa mwezi kwa mwezi. Ila kitanda natandika mwenyewe, maji nateka mwenyewe, na Bi Biubwa ameniambia pasi iko wapi.

Arobaini ilipotimia nilijiandaa kwenda Kisarawe. Niliogopa. Mzee aliniona nakunja nguo, akavaa koti lake la reli, akasema twende. Tukashuka Pugu, tukapanda mlima. Njia nzima hakuniambia anakwenda kufanya nini.

Kwa mkwe alipita bila salamu. Alikalia kile kiti ambacho hata watoto wake Mzee Bartolomeo hawakikalii. Akaomba uji. Watu wakajaa. Mkwe akamuuliza wewe ni nani, na sauti yake, bibi, unaijua. Mzee Isihaka akajibu, "Mimi ni mchukuzi wenu wa zamani. Ajuza mmoja wa Soga amekula jogoo wangu. Nimekuja kulipwa. Sitoki hapa mpaka nipewe mke wa huyu mwizi mdogo."

Mkwe alisimama. Mimi nilitazama mlango. Lakini majirani walikuwa wamekwisha kuanza kucheka, na mama mkwe ndiye aliyecheka zaidi, akamwambia mumewe, mtani huyo, utamfanya nini? Mzee Bartolomeo akabaki amesimama hivyo, hana pa kuiweka hasira yake. Mwishowe akauliza jambo moja tu, kama jiko lipo kweli. Mzee Isihaka akaacha utani. Akamwambia, "Lipo. Nimelitazama likiwaka miezi mitatu, halina mwenyewe."

Mkwe akaingia ndani. Alikaa. Alipotoka alikuwa amebeba mzigo wa Benedikta yeye mwenyewe, na alitusindikiza mpaka mteremko wa Pugu. Tulipoagana alinirekebisha ukosi wa shati.

Tupo wote hapa Ilala. Jana Benedikta amepika ugali juu ya mafiga yako, ukaungua kidogo. Mtoto amebatizwa Yosefina, lakini nyumbani tunamwita Mwanamvua. Mzee hataki mtu mwingine amlaze mchana. Tunakuja mwisho wa mwezi huu, ruhusa nimekwisha kupata.

Mjukuu wako,
Athanas


Soga, 15 Julai 1954

Athanas na Benedikta,

Marahaba, marahaba. Mwalimu Lucian amenisomea barua mara tatu, mara ya nne akasema ana misa. Mimi mzima, goti zima, Tatu anawasalimu. Mpeni pole Biubwa kwa kukaa na mtu yule.

Ugali kuungua si kitu, mafiga yale yanataka kuni chache, Benedikta, mkono wangu wa kutia kuni ulikuwa mwepesi. Kwa sasa napikia mawe ya mtoni na yananisumbua.

Mje na gari la asubuhi, jua halijawa kali. Mtoto asifungwe nguo nyingi, na asibebwe na mtu msiyemjua ndani ya gari, hata akiwa na sura ya padri. Msiniletee sukari wala kitambaa. Gari halisimami sana Soga, kwa hiyo msianze kuhangaika na mizigo wala kunisalimu kutoka mlangoni. Nitakuwa nimesimama pale chini. Nipeni mtoto kwanza. Shikamoo zenu nitazipokea baadaye.

Bibi yenu,
Mwanamvua