Koti la Mteja

Dada yangu kipenzi,

Salamu kutoka mahabusu, ambako hata maaskari wananiomba niwapunguzie suruali. Fundi ni fundi popote!

Koti nililovaa harusini lilikuwa la mteja. Uzito wake niliusifu, nikidhani ni kitambaa cha maana. Askari wa getini akauliza, "La nani hili?" Nami kwa maringo, "Langu, afande! Unaona wivu?" Akapapasa bitana, akatoa bastola isiyo na kibali, imejaa risasi. Wananitishia miaka kumi na mitano jela, dada! Hivi sheria haijui kwamba mafundi tunavaa nguo za watu? Na yule mwanaharamu mwenye koti anakana hata kunijua!

Lakini suruali yake, ya kitambaa kilekile cha koti, bado inaning'inia dukani kwangu. Njoo ujifiche hapo umvizie. Akija kuidai, piga yowe mtaa mzima umshike nayo mkononi, ijulikane kwamba na koti ni lake.

Ni mimi kaka yako, mtanashati wa selo.