Arobaini ya Zeinabu

Jumatatu, 2 Mei 1977

Springi ya nyuma imevunjika tena. Nimelala chini ya lori tangu asubuhi, matope mpaka masikioni. Mvua imeharibu barabara ya Merti. Mbuzi wa watu wako zizini wanangoja, na wenyewe wananung'unika. Zeinabu ameniletea chai ingawa nilimkataza kutembea. Tumbo la miezi saba. Aliketi juu ya tairi kuukuu akanicheka nilivyojaa grisi. Kesho napakia.

Jumatano, 4 Mei

Sikupakia. Jana alfajiri chupa ya uzazi ilipasuka. Nilimkimbiza hospitali kwa lori, hakukuwa na gari lingine. Zeinabu hakupiga kelele. Alishika mlango kwa mkono mmoja, akawa ananionyesha mashimo ya barabarani.

Mvulana. Mfupi kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Alilia, sauti kama ya mtoto wa paka, lakini alilia. Nimemwadhinia mwenyewe. Sikio lenyewe lilikuwa laini kama jani changa.

Daktari hakunificha. Mashine ya kuwatunza watoto kama hawa iko Nairobi, na mtoto hataiweza hiyo safari. Naogopa.

Ijumaa, 6 Mei

Sista wa wodi, mama wa Kimeru, mnene na mkali, ndiye aliyemwonyesha Zeinabu la kufanya. Mtoto avuliwe nguo, alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi, leso ifungwe juu yake. Tangu hapo hajamtoa. Analala ameketi. Mtoto hana nguvu ya kunyonya, kwa hivyo Zeinabu anakamua maziwa ndani ya kikombe cha sista na kumdondoshea kwa kijiko. Tone. Anangoja ameze. Tone lingine. Hakuna linalomwagika.

Alinipa kijiko nijaribu. Nilimwaga. Mikono inayoinua gurudumu la lori.

Nimempa jina Ismaili, jina la babu yangu aliyekuja nchi hii akiwa askari wa Waingereza. Sikungoja siku ya saba.

Jumapili, 8 Mei

Ismaili amefariki leo asubuhi, kifuani pa mama yake. Zeinabu alijua kabla ya sista.

Alisema, "Yusufu, amepoa."

Tumemwosha, tumemswalia, tumemzika kabla ya alasiri. Nilimbeba mwenyewe, na hakuwa na uzito wowote. Wazee wamesema ni ndege wa peponi, atatuombea. Naamini. Lakini nina hasira na sijui niipeleke wapi.

Jumatano, 11 Mei

Nyumba imejaa wanawake. Dada yangu mkubwa, Amina, ndiye anayewapokea. Kila anayeingia anasema lile lile. Usilie, wewe bado msichana, Mungu atakupa mwingine. Hawaoni kwamba Zeinabu halii. Anawakaribisha, anawamiminia chai, anawashukuru. Mimi ndiye niliyelia, nyuma ya nyumba, kama mtoto.

Maziwa yamejaa. Hawezi kuinua mkono kwa maumivu. Amina amemfunga kitambaa kifuani na kumwambia asikamue, yatakauka yenyewe.

Kesho naondoka na mbuzi kwenda Nairobi. Kazi imenisaidia kupata sababu. Siwezi kukaa humu ndani.

Jumatatu, 16 Mei

Nimerudi. Amina alinipokea mlangoni amefura kwa hasira. Mke wangu hayumo. Eti kila asubuhi anakwenda hospitali, na bado yuko ndani ya arobaini. Kwetu mwanamke aliyezaa hatoki nje mpaka arobaini iishe. Mtaa mzima umeona.

Zeinabu alifika mchana kwa miguu, viatu mkononi, matope hadi magotini. Alinieleza bila kuzunguka. Alikwenda tu kurudisha kikombe cha sista. Wodini akamkuta msichana wa Kiturkana anaitwa Nakiru, kutoka upande wa Oldonyiro. Amezaa kabla ya wakati, mtoto wa kike. Nakiru ana homa kali na maziwa hayatoki. Zeinabu akafungua kile kitambaa cha Amina, akakamua.

Nilimwambia, "Hayo ni maziwa ya Ismaili."

Alinitazama sana. Akasema, "Ismaili hayahitaji tena. Yule anayahitaji."

Nimekaa ndani ya lori mpaka adhana ya magharibi. Sitaki kula.

Jumanne, 17 Mei

Nimekwenda kwa maalim. Nilitaka anikatalie, nirudi nyumbani na neno lake. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anashona kanzu yake. Akasema si dhambi kumlisha mtoto mwenye njaa, awe wa dini gani. Ila huyo mtoto sasa ni binti yenu wa maziwa. Wajue watu wake, nao wawajue, na mlitangaze jambo hilo, wana wako wasije wakamwoa.

Wana wangu. Sina hata mmoja.

Kisha akauliza, "Na mama yake hajambo?"

Nikadhani anamuulizia Nakiru. Nikasema ana homa.

"Namuulizia Zeinabu."

Tangu mazishi sijamuuliza.

Alhamisi, 19 Mei

Nimekwenda mwenyewe hospitali. Sikuingia. Nilisimama dirishani.

Zeinabu alikuwa ameketi kitandani kwa Nakiru, yule mtoto yuko kifuani pake ndani ya leso, kichwa kidogo kama ngumi kikichungulia. Walikuwa wamekaa vile vile alivyokaa na Ismaili. Nilitaka kukimbia. Nakiru alipoamka, Zeinabu alimfungulia shuka, akamhamisha mtoto taratibu, akamfunga naye. Hawana lugha moja. Nakiru Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu. Zeinabu akachukua mkono wa yule msichana, akauweka juu ya mgongo wa mtoto, akaufunika kwa mkono wake mwenyewe. Wakakaa hivyo.

Sista alinikuta pale. "Mimi sikumwita mke wako," akasema. "Nilimwambia arudi nyumbani apumzike. Amekataa."

Nimevuka mito iliyojaa nikiwa na lori limepakia, na madereva wenzangu wananiita simba. Upuuzi. Simba nimemwona leo.

Nilimngoja Zeinabu, tukarudi pamoja. Njiani nikamuuliza kama inauma. Akasema inauma kila mara. Hatua chache mbele akasema, "Nikibaki nyumbani inauma zaidi."

Jumapili, 22 Mei

Nimegombana na Amina. Anasema watu wanasema. Nimemwambia waseme, na kuanzia kesho nitampeleka Zeinabu mimi mwenyewe kwa lori, mlangoni kabisa, wamwone vizuri. Amina amechukua nguo zake akarudi kwake. Hakuaga.

Jumanne, 24 Mei

Leo mtoto aliacha kupumua. Nilikuwa nje nikingoja, nikasikia Nakiru akilia kwa Kiturkana. Sista alikuwa wodi nyingine. Nilipofika mlangoni Zeinabu alikuwa amemlaza kwenye kiganja, anamsugua mgongo, anamgonga nyayo kwa kidole, huku anamsemesha kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeita mtoto aje kula. Sista akaingia mbio. Kabla hajamfikia, mtoto alikohoa. Akalia.

Zeinabu alimkabidhi sista, akatoka nje, akatapika ukutani. Akaosha uso kwenye bomba.

Nilimwambia imetosha. Nikamwambia, "Huyu naye akikufia mikononi?"

"Basi sitakuwa nimemwacha peke yake."

Akarudi ndani. Nilibaki pale bombani. Tuna mwaka wa tatu ndani ya ndoa, na nilikuwa namjua kwa chai nzuri na kicheko.

Jumamosi, 4 Juni

Kazi kila siku. Sukari kwenda Kinna, ngozi kurudi. Homa ya Nakiru imeshuka. Maziwa yake yameanza kutoka, kidogo.

Jumatatu, 13 Juni

Mtoto amenyonya kwa mama yake mwenyewe, titi lenyewe, bila kijiko. Zeinabu amenisimulia akiwa anapika. Nakiru alicheka mpaka akaamsha wodi. Nikamuuliza yeye alifanya nini. Akasema alikunja leso yake, akaaga.

Arobaini imekwisha. Hakuna aliyekumbuka.

Kesho hana pa kwenda asubuhi. Hilo linanitia hofu kuliko yote.

Jumatano, 22 Juni

Nakiru ameruhusiwa. Nilikuwa na chumvi na unga wa kupeleka soko la mifugo la Oldonyiro, kwa hivyo tumewachukua. Wanawake wawili na mtoto mbele, mimi kwenye usukani. Mvua imekwisha, vumbi limerudi.

Mume wa Nakiru alikuwa sokoni na mama yake. Nilimweleza kwa Kiswahili, mtu akatafsiri. Huyu mtoto amekunywa maziwa ya mke wangu. Ni binti yetu pia, na wana wetu wakizaliwa hawatamwoa. Alifikiri, akakubali kwa kichwa. Yule bibi akashika viganja vya Zeinabu, akavitemea mate kidogo, ndiyo baraka yao, akavifumba. Zeinabu hakuvifuta.

Alimbeba mtoto mara moja tu, akamrudisha kwa mama yake. Tukaondoka.

Tulipovuka mchanga wa mto wa Kipsing akasema, "Simama."

Nilisimama. Alishuka, akatembea mbele kidogo kwenye mto mkavu, akaketi juani. Nikasikia analia. Mara ya kwanza tangu siku ile. Alilia kwa sauti kubwa, akitaja jina la Ismaili, mara nyingi. Nilizima gari, nikaenda nikaketi karibu naye. Sikumwambia anyamaze.

Mtu alipita na ngamia wake. Alitoa salamu, nikamwitikia. Akatazama, akawaelekeza ngamia upande wa pili ili wasitusumbue.

Jua lilikuwa limeinama alipomaliza. Akajipangusa mchanga, akapanda garini. Kisha akasema ana njaa. Tukala mkate na maziwa ya ngamia tuliyonunua sokoni, palepale, mlango wazi, miguu ikining'inia nje.